Kikaragosi Chenye Mdomo Wazi

Matombo,
6 Mei 2024

Kwako mjukuu wangu Irene,

Mama yako hakufeli mtihani wa darasa la saba. Alifaulu. Jambo hili nimelificha tangu mwaka 1978, na ningezikwa nalo kama jana Abasi, kondakta wa basi la huku, asingeniletea bahasha yako ya picha pamoja na sabuni na mkate.

Picha nimeziona. Nimezitazama kwa miwani na bila miwani. Ulinieleza zamani kwamba filamu yenu ya chuo mnaitengeneza kwa vikaragosi vya waya na sponji: mnakisogeza kidogo, mnapiga picha, mnakisogeza tena, mnapiga tena, mpaka kinaonekana kinatembea chenyewe. Nikasema vema, mtoto amepata kazi ya subira. Sikujua kwamba subira yote hiyo ni ya kumdhalilisha mama yako! Umemketisha kwenye dawati mdomo wazi kama perege wa kukaanga, mate yanamtiririka, wenzake wanamcheka. Mate ya gundi! Nani alikupa ruhusa? Na nyuma yake umenisimamisha mimi nimevaa koti jeupe, kitabu mkononi, uso wa Mtakatifu Yosefu, namsikitikia. Sijawahi kuwa na koti jeupe maishani mwangu.

Nawe unataka kuyaonyesha hayo ukutani pa shule ya Mkuyuni, sikukuu ya Petro na Paulo, mbele ya watu wale wale wanaonunua mchicha kwake sokoni. Mama yako atakaa mbele na atacheka, maana ni mtu wa kucheka. Kuanzia siku hiyo watoto watamwita Mdomo Wazi mpaka anaingia kaburini.

Alikuwa wa kwanza darasani. Mwalimu mkuu nilikuwa mimi, najua ninachosema. Nafasi yake ya sekondari ilipotelea wilayani. Afisa mmoja wa elimu alimpa mtoto wa mtu wake. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Usinidadisi zaidi, moyo umechoka, miguu imevimba, na padri amekwisha kunipaka mafuta ya wagonjwa. Simu usipige, unajua sisikii. Andika. Lakini kwanza vunja hicho kikaragosi.

Babu yako,
Mwalimu Thobias


Msamvu, Morogoro,
11 Mei 2024

Babu, shikamoo.

Abasi alinipa barua yako hapa stendi, nikaisoma nimesimama katikati ya wapiga debe. Mmoja akaniuliza, "Dada, umefiwa?"

Babu, kwa nini hukusema? Miaka yote hiyo! Hadithi ya mdomo wazi sikuitunga mimi. Mama ndiye aliyenisimulia, tena huku akicheka na kujifuta machozi kwa khanga. Alisema: "Mwanangu, kichwa changu kilikuwa kibuyu. Mtihani tulifanya, nikaingizwa ndani uwali, kama msichana yeyote aliyevunja ungo. Nilipotolewa nimenona kama nguruwe wa misheni, mjomba wangu, huyo huyo Babu yako, akaniambia umefeli. Nikasema afadhali, jembe halina hesabu." Hiyo ndiyo hadithi niliyolelewa nayo. Kila nilipokataa kufanya mazoezi ya shule niliambiwa, "Soma, usije ukawa kama mama yako." Na aliyekuwa akiniambia hivyo ni yeye mwenyewe! Unaelewa, Babu, alichofanyiwa? Amejitukana maisha yake yote kwa sababu ya mwizi mmoja wa ofisini.

Kikaragosi nimekivunja. Nimebakiza waya tu, nikauvika mwili mpya. Sasa Mama ana macho ya shanga na mdomo wake umefungwa. Tulikuwa tumeshamaliza nusu ya filamu, na usidhani ni mchezo. Chumba chetu kiko nyuma ya duka la fundi cherehani. Basi kubwa likipiga honi na kugeuza, meza inatikisika, kikaragosi kinaanguka, na kazi ya asubuhi nzima tunaifuta. Lakini wenzangu nilipowasomea barua yako hakuna aliyenung'unika. Hafidhi, anayeshika taa, alisema, "Huyo afisa tumpe kitambi." Maimuna, ambaye ndiye mwenye mkono wa kusogeza vikaragosi, akasema, "Na miwani myeusi. Na akikaa, kiti kipige kelele." Kitambi tumekitoa kwenye godoro bovu la Hafidhi. Nakuletea picha yake.

Mama sijamwambia. Nataka aone ukutani siku hiyo, watu wote wakiwepo, kwamba hakuwa mjinga. Aliibiwa.

Mjukuu wako mwenye hasira,
Irene


Matombo,
17 Mei 2024

Kwako Irene,

Huyu dubwana wa godoro ndiye nani? Nimemcheka kwa kupitiwa, kisha nikaona haya.

Afisa wa elimu wa wakati ule alikuwa Bwana Mwinshehe. Alikuwa mwembamba kama mwiko. Alipanda milima hii na baiskeli akiisukuma zaidi ya kuipanda, na hata kuku wa kuagwa alikuwa hapokei. Amekufa, Mungu amrehemu, na wajukuu wake wako hapo hapo Mkuyuni. Utasema hukumtaja jina. Binti yangu, mtu mbaya asiye na jina watu humtafutia jina, na jina watakalolipata ni lake. Unamkomboa mama yako kwa kumchafua marehemu wa watu? Hiyo ndiyo elimu wanayowapa huko?

Nilisema vibaya barua iliyopita. Nilikuwa nimechoka. Wilayani walimchagua mama yako kihalali, na habari ilifika shuleni kama inavyotakiwa. Ilipofika, yeye alikuwa ndani. Ninyi wa siku hizi mnafanyiwa uwali wa likizo, siku chache, na simu mnaingia nayo. Wakati ule mwali alikuwa haonekani wala haambiwi la nje, na mwenye neno juu yake alikuwa mama yake na bibi zake. Dada yangu Felista, bibi yako, alikataa kumtoa. Alisema binti wa ukoo ni wa kukaa kwenye ardhi ya ukoo. Basi.

Na kwa kuwa umenichokoza, nitasema. Sisi Waluguru tumejifunga wenyewe kwa kamba hii. Ukoo unapita kwa mama, shamba linapita kwa mama. Mwanamume asome, afundishe, ajenge nyumba ya bati, mtoto aliyemzaa si wa ukoo wake. Mimi nilikuwa mjomba: kazi yangu kuangalia watoto wa dada. Wangu mwenyewe walikuwa wageni mezani kwangu! Mama yao nilimwoa Mahenge, kwa hiyo huku hawakuwa hata na tuta moja la maharage. Wazee waliniambia hivyo usoni, na mimi nina cheti cha ualimu ukutani. Jambo hili limeniudhi tangu ujana wangu na litaniudhi mpaka udongoni.

Mwondoe afisa.

Babu yako,
Mwalimu Thobias


Msamvu,
28 Mei 2024

Babu, shikamoo.

Afisa tumemwondoa. Kitambi chake Hafidhi anakilalia. Tumefanya upya sehemu yote ya katikati, na sasa nina la kukueleza, ingawa sijui kama ni jema.

Bibi Felista nilimtengeneza mwenyewe. Mikono ya waya wa kufungia nondo, uso wa udongo, na khanga yake nilikata kwenye kipande alichoniachia. Tulimweka mlangoni, mkono juu ya komeo. Ndani ni Mama, jicho moja la shanga linachungulia kwenye ufa. Nje wanafunzi wanapita na masanduku kichwani kwenda kupanda gari la shule. Tulikuwa tunapiga sehemu hiyo Mama alipoingia bila taarifa na tenga la ndizi.

"Hodi humu! Mbona giza kama nyumba ya mwali?"

Maimuna akaruka. "Karibu Mama, ila meza usiguse, tafadhali, tutaanza upya!"

"Nani anataka kugusa mimeza yenu? Nimeleta ndizi." Kisha akainama, akaangalia. "Huyu nani?"

Nikasema, "Bibi Felista."

"Nimeijua khanga. Anafanya nini?"

Babu, nilishindwa kudanganya. Nikamsomea barua zako, zote mbili. Ni mara ya kwanza kumwona Mama akisikiliza kitu mpaka mwisho bila kucheka. Akauliza tu, "Nilikuwa wa kwanza?" Nikasema ndiyo, Babu ameandika hivyo. Akanyoosha mkono kwenye meza. Maimuna akalia, "Mama jamani!" Mama akamshika Bibi kiunoni, akamgeuza taratibu, uso ukatazama ukuta.

"Haya," akasema. "Piga picha hiyo."

Hafidhi akapiga.

Sasa picha hiyo ndiyo mwisho wa filamu yetu. Mwalimu wetu wa chuo anasema hajaona mwisho kama huo. Lakini Mama amekataa misa ya kumbukumbu ya Bibi mwaka huu. Na mimi kuna kitu kinanikera. Kama Bibi alikataa, nafasi ilikwenda wapi? Nafasi ya sekondari haikai tupu kama kiti cha mgonjwa. Nani alikwenda?

Irene


Mkuyuni,
30 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Naandika mwenyewe. Mwandiko usiuangalie, mkono umezoea jembe.

Asante kwa kusema. Wengine wangekaa kimya mpaka mwisho. Mama nilimuuguza mimi, unajua. Nilimlisha, nilimgeuza kitandani, nilimwogesha kama mtoto. Hakusema! Karibu na kufa alinishika mkono akaniambia, "Prisca, wewe kama ungesoma." Mimi nikadhani ananisikitikia. Kumbe alikuwa ananicheka. Mtu anakufungia mlango halafu anakuambia pole kwa kukaa ndani!

Misa sifanyi. Maua sipeleki. Padri nimemwambia alifute jina lake kwenye nia za mwezi, akaniuliza kwa nini, nikamwambia muulize yeye huko aliko. Watu sokoni wananiona nimenuna wanadhani mchicha umeoza.

Wewe ndiye uliyenitakia mema. Nakumbuka nilipotolewa ndani ulininunulia jembe jipya ukaniambia usilie. Mimi nilikuwa silii, mjomba. Wewe ndiye ulikuwa unalia. Sikukuelewa, sasa nimekuelewa.

Jumamosi nakuja kukufulia kama kawaida. Abasi anakuletea uji wa ulezi, usiuache mpaka uchachuke. Mwanao Furaha akija kutoka Turiani mwambie nimemwekea magimbi, ingawa najua hatapita kwangu. Yeye tangu awe nesi ana maringo yake, lakini ni ndugu.

Mpwa wako,
Prisca Deogratias


Matombo,
3 Juni 2024

Irene,

Simamisheni filamu hiyo. Mgeuze dada yangu atazame watu.

Mama yako alikuja juzi kufua. Alifua mashuka yangu huku akimsema Felista, kila akikamua neno, akikamua neno. Nilijifanya nimelala. Felista hakufunga mlango wowote. Hakuambiwa kwamba mtoto amefaulu. Angejua, angemtoa ndani siku hiyo hiyo, uwali ungesubiri. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo, na ninyi mmemgeuzia ukuta! Mtu ambaye hawezi kufufuka akajitetea!

Habari haikumfikia. Mambo ya zamani, barabara mbovu, mvua. Acha hivyo.

Babu yako,
Mwalimu Thobias


Msamvu,
6 Juni 2024

Babu, shikamoo.

Siachi hivyo.

Kila wiki unanipa mkosaji, namfinyanga, halafu unaniambia siye. Kwanza afisa. Kisha bibi yangu mzazi. Sasa unaniambia ni mvua! Nimtengeneze mvua na kitambi, Babu? Udongo sina, waya sina, wenzangu nimewachosha, na bado wanakuja kila asubuhi. Jana Maimuna aliniuliza swali moja tu: "Babu yako anamlinda nani?" Nikamkaripia. Nikamwambia wewe humjui Babu, yule ndiye aliyenifundisha kusoma. Halafu nikaisoma upya barua yako ya tatu, niliyokuwa nayo mkononi.

Habari ilifika shuleni. Hayo uliandika wewe. Bibi hakuambiwa. Hayo pia uliandika wewe. Mwalimu mkuu ulikuwa wewe.

Kikaragosi chako nimekivua koti jeupe. Nimekisimamisha peke yake mezani, taa zimewaka, kamera imefungwa. Hatujui kifanye nini. Sikukuu imekaribia, na Mama anawaambia watu wote njooni mwone mama yangu alivyonifanya. Nikikosea tena, Babu, nitakuwa nimemkosea mbele ya kijiji kizima, na safari hii nitakuwa nimekosea kwa sababu yako.

Sikuandikii tena. Ukiwa na la kusema, mwambie Mama.

Irene


Matombo,
10 Juni 2024

Kwako Prisca,

Barua hii asikusomee mtu. Na Jumamosi usije kufua kabla hujaimaliza. Ukishaimaliza, fanya upendavyo na mashuka yangu.

Rudisha misa ya mama yako. Felista alikufa akiamini ulifeli, kama wewe. Alipokuambia "kama ungesoma" alikuwa anakusikitikia kweli. Mrudishie maua yake. Mwinshehe wa elimu naye hakuiba kitu, alinipa habari mkononi, akanipongeza, akasema, "Mwalimu, umepata mmoja, na ni mpwa wako." Alifurahi kuliko mimi.

Alifaulu mmoja tu mwaka ule. Ulikuwa wewe. Mwanangu Furaha mlifanya mtihani dawati moja, naye akafeli. Umekwisha kuelewa, lakini nitaandika mpaka mwisho, maana nimekuwa mtu wa kuishia katikati.

Nilikasirika, Prisca. Nataka ujue hasira ile ilikuwa ya namna gani, ingawa haiwezi kunitetea. Wewe ulikuwa na shamba la bibi yako, la mama yako, na la wanao watakaozaliwa. Ungefeli, ungelima chako. Mwanangu angefeli, angekwenda wapi? Wazee walikuwa wamekwisha kunieleza kwamba siku nikifa mke wangu na watoto wafunge virago. Nikajiambia huyu ana ardhi, yule apewe kitabu. Nikajiona kama mfalme anayegawa. Hakuna aliyenipa ufalme huo. Mila ilinitaka nikuangalie wewe kwanza. Sheria ya serikali ilitaka hivyo hivyo. Kanisa lilisema usiibe. Zote tatu nilizifundisha darasani kwa chaki, na zote tatu nilizivunja, kisha kwa miaka hii yote nikaikasirikia mila peke yake.

Ulikuwa ndani. Hukuweza kutoka wala kuuliza. Nilijua hivyo na nilitumia hivyo.

Furaha alikwenda shule ya bweni kwa jina lako. Watu tuliwaambia amekwenda Mahenge kwa wajomba zake. Siku zile hakuna aliyedai picha. Aliyefika na jina ndiye aliyepokewa. Akasoma akiwa Prisca Deogratias, akaingia uuguzi akiwa Prisca Deogratias, na huko Turiani mpaka leo wanawake aliowazalisha wanamwita Nesi Prisca. Si maringo. Hakukukaribisha kwake kwa sababu ungefika mlangoni ukasikia jirani anamwita. Hufika karibu na kwako kila akija huku, anageuza gari barabarani, analia, anarudi. Mlaumu kadiri utakavyo, lakini alikuwa mtoto, na alikataa, na mimi ndiye nilimlazimisha. Amestaafu sasa. Ukisema, wanaweza kumnyang'anya anachokula. Nimekaa kimya kwa ajili yake, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nadhani nilikaa kimya kwa ajili ya jina la Mwalimu.

Kwa padri nimeungama dhambi hii mara nyingi, kila mara kwa padri mpya. Walinipa rozari. Walinisamehe upesi sana, na iliniudhi, maana hakuna hata mmoja wao aliyenyimwa shule.

Mwambie Irene kikaragosi changu akifanyishe hili nitakaloandika sasa, naye anaweza kukionyesha kwa jina langu kamili ukutani. Sitakuwepo kukasirika, na nikiwepo nitaletwa kwa kiti nikae mbele.

Ilikuwa siku chache kabla ya Furaha kuondoka. Ilikuwa lazima azoee kuitika. Nilimketisha sebuleni, nikasimama mbele yake kama darasani, nikaita, "Prisca!" Akatazama miguu yake. Nikaita tena. Akanyamaza. Nikapandisha sauti, "Prisca Deogratias!" Na wewe, uliyekuwa umetoka ndani juzi tu, ulikuwa unapita kichochoroni na mzigo wa kuni. Ukaitika, "Abee, mjomba!" Ukautua mzigo, ukajipangusa mikono, ukaja mbio mpaka mlangoni, ukapiga goti.

Nikakuambia, sikukuita wewe.

Thobias